Kulala na viatu: kisa cha mwalimu baada ya mafuriko

Mwalimu alikuwa analala na viatu. Si kwamba uchovu ulimsahaulisha kuvivua. Alikuwa anavivaa makusudi, anafunga kamba mafundo mawili, ndipo anapanda kitandani. Mumewe alivumilia miezi mitano. Siku alipompeleka kwa mshauri nasaha hakuanza na neno huzuni wala neno kiwewe. Alisema, "Dada, shuka zetu zote zimechanika upande wa miguuni."

Niseme mapema kwamba Mwalimu huyu si mtu mmoja unayeweza kumtafuta. Ni kisa cha kufundishia, kimesukwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa watu walionusurika majanga, ndiyo maana hana jina wala kijiji. Nimemchagua mtu wa namna yake kwa sababu huyo ndiye anayetuponyoka. Anayelia kutwa tunamwona. Aliyeacha kuongea tunamwona. Huyu kila mtu alisema yuko sawa.

Usiku wenyewe

Mvua ilikuwa imenyesha milimani siku tatu mfululizo. Saa nane usiku mto ukapasua kingo. Kilichomwamsha Mwalimu ni ndoo iliyokuwa inagongagonga ukuta wa jikoni, ilikuwa inaelea. Mumewe alikuwa safarini. Alimfunga mtoto mdogo mgongoni, akamshika wa kati mkono, mkubwa akatangulia akimulika kwa simu.

Nyumba ya pili kutoka kwake alikaa bibi mmoja mtu mzima sana, mzito wa masikio, aliyeishi peke yake. Mwalimu alisimama mlangoni pake, akagonga mara tatu kwa ngumi, akaita, "Bibi! Bibi, amka!" Kimya. Maji yalikuwa magotini. Akaendelea na watoto kupanda kuelekea shuleni, huko juu. Alipofika aliwakabidhi kwa mlinzi, akageuka kumfuata Bibi. Hakufika hata nusu ya njia, kwa sababu njia yenyewe ilikuwa imeshageuka mto.

Bibi alipatikana siku ya tatu.

Miezi mitano ya kuwa sawa

Asubuhi ile ile Mwalimu alifungua kabati la ofisi ya shule, akatoa daftari jipya la mahudhurio, akaanza kuandikisha watu. Familia ngapi, watoto wangapi, nani anatumia dawa za sukari, nani hajamwona mwenzake. Kwa wiki kadhaa daftari hilo ndilo lililokuwa serikali ya kambi. Misaada ilipoletwa waligawa kwa daftari. Waliotafuta ndugu walikuja kwenye daftari. Na aliyelishika hakulia hata mara moja mbele ya watu, jambo ambalo wengi walilisifia.

Sina ugomvi na daftari. Kazi ya maana katika siku za mwanzo humpa mtu mahali pa kushika, na wapo wengi waliovuka salama kwa sababu tu walikuwa na la kufanya mikononi. Tatizo lilikuwa kwamba daftari lilimpa pia kisingizio kizuri cha kutokuwa miongoni mwa walioandikwa. Ukurasa wa familia yake ulikuwa na majina manne ya watoto na mume, la kwake halikuwemo. Mshauri aliligundua hilo baadaye sana. Mwalimu mwenyewe aliapa kwamba alilisahau tu.

Wiki ya kwanza walikuja watu wema wa kutoa msaada wa kisaikolojia. Wakawakalisha watu duara chini ya mti, wakamtaka kila mmoja asimulie usiku ule: uliona nini, ulisikia nini, ulihisi nini. Mwalimu alisimulia habari za wenzake vizuri kabisa. Binti yake mkubwa, aliyekuwa ameketi pembeni, alisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza jinsi baba wa rafiki yake alivyochukuliwa na maji, na usiku huo alianza kukojoa kitandani akiwa na miaka 11.

Mbinu ile ina historia. Mwaka 1983 Mmarekani Jeffrey Mitchell, aliyewahi kufanya kazi ya zimamoto, alieleza utaratibu wa vikao vya namna hiyo kwa ajili ya wafanyakazi wa uokoaji. Wazo likasambaa mpaka kwa raia waliotoka kwenye ajali na majanga, kwa imani kwamba kidonda kikifunuliwa mapema hakitaoza. Majaribio yalipokuja kupimwa kwa pamoja katika mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, kikao kimoja cha kumsimulisha mtu mapema hakikuonekana kuzuia ugonjwa wa kiwewe, na kuna waliofanyiwa wakaishia kuwa na hali mbaya kuliko ambao hawakufanyiwa. Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia ambao shirika hilo na wenzake walitoa mwaka 2011 umejengwa juu ya vitenzi vitatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani yuko hatarini na nani anahitaji nini. Sikiliza anayetaka kusema, usimchimbe asiyetaka. Muunganishe na ndugu zake, na huduma, na habari za kweli. Hakuna duara, na hakuna zamu ya kusimulia.

Laiti mtu mmoja angemketisha Mwalimu pembeni akamuuliza, "Wewe umelala wapi jana?" Angegundua kwamba alikuwa halali.

Kambi ilipangwa kwa aliyewahi kufika. Hema la kwanza kwa aliyekuja kwanza, la pili kwa aliyefuata. Kwa mpangaji ni haki tupu, lakini majirani wa miaka 20 wakajikuta mmoja kaskazini mwa kambi, mwingine kusini, na katikati watu wasiofahamiana. Jambo hili si dogo. Mwaka 1972, bwawa la taka za makaa ya mawe lilipopasuka huko Buffalo Creek, jimbo la West Virginia nchini Marekani, watu 125 walikufa na maelfu wakabaki bila nyumba. Walionusurika wakagawiwa makazi ya muda bila kuangalia nani alikuwa jirani wa nani. Mwanasosholojia Kai Erikson aliyewafuatilia alieleza kwamba pamoja na kiwewe cha kila mtu kulikuwa na kiwewe cha pili, cha kufumuliwa kwa jamii yenyewe. Watu walikuwa hai na hawakuwa na wa kuwa nao. Kwa Mwalimu hasara ilikuwa mahususi zaidi: watu pekee waliomjua Bibi, ambao wangeweza kumtaja kwa masihara yake na ukali wake, walikuwa wametawanywa. Jina la Bibi halikutajwa tena kwa muda mrefu.

Mvua ya Jumanne

Mwezi wa tano kambi ilifungwa. Wafadhili waliondoka, shule ikarudi kuwa shule, daftari likarudi kabatini. Wataalamu wa majanga wanakijua kipindi hiki. Mwanzoni huwa kuna ushujaa, kisha kama fungate fulani, watu wakipendana na misaada ikimiminika. Halafu wageni hufungasha na aliyenusurika hubaki na ukuta uliopasuka, fomu zisizojibiwa na usiku mrefu. Wengi tunadhani maumivu hushuka kadiri tarehe inavyosogea. Kwa watu wengi ndivyo, na ni vizuri kusema wazi kwamba walio wengi hupata nafuu bila tiba yoyote rasmi. Ila si lazima iwe hivyo pale maisha yenyewe yanapokwama. Baada ya kimbunga Katrina kilichoipiga Marekani mwaka 2005, watafiti walioongozwa na Ronald Kessler waliwahoji walioathirika miezi michache baadaye, wakawarudia baada ya kama mwaka mmoja. Mara ya kwanza asilimia 14.9 walikuwa na ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe. Mara ya pili ilikuwa asilimia 20.9.

Jumanne hiyo Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni. Mvua ikaanza, si kubwa, ila darasa lilikuwa limeezekwa mabati na mabati hayana siri. Wanafunzi walisema baadaye kwamba aliacha neno katikati. Chaki ilianguka. Akawashika mikono watoto watatu waliokuwa karibu naye zaidi, akatoka nao mbio, akapanda nao kilima kilichoko nyuma ya shule. Mlinzi alimkuta juu amesimama, amelowa, watoto watatu wakilia, naye akihesabu: "Watatu. Watatu. Watatu." Chini darasani walikuwa wamebaki zaidi ya 30.

Alipotambua yuko wapi, alisema maneno mawili tu. "Nimewaacha tena."

Ukitaka kukielewa kisa hiki kizima, simama hapo. Tukio la kilimani linaeleweka kirahisi upande wa woga. Ubongo una sehemu iitwayo amigdala ambayo kazi yake ni kupiga king'ora haraka kabla ya fikra kufika. Sauti ya mvua juu ya bati ilikuwa imefungwa pamoja na usiku ule, na king'ora hakiulizi leo ni tarehe ngapi. Mwili unakimbia kwanza. Yeyote aliyesoma kidogo angetaja dalili zilizobaki bila shida: usingizi wa mang'amung'amu, kushtuka, kuizunguka njia ndefu ili asipite kwenye geti la Bibi, hasira kwa watoto kwa mambo madogo. Zilikuwa zimepita mwezi mmoja kwa mbali, huo ukiwa ndio muda ambao kabla yake wataalamu husita kuuita ugonjwa kwa sababu karibu kila mtu hutikisika. Mwalimu alistahili msaada, na hilo halina ubishi.

Lakini yeye hakusema "naogopa". Alisema nimewaacha, na akaongeza tena. Woga ulikuwa mlango tu. Ndani ya nyumba kulikuwa na hatia.

Alichokosea mshauri

Kikao cha kwanza kilikwenda vizuri kwa dakika 40. Mshauri alimuuliza moja kwa moja kama amewahi kufikiria kujiua. Wengi hulikwepa swali hilo wakihofia kumpandikizia mtu wazo. Halipandikizwi kwa kuulizwa, na asiyeulizwa hubaki nalo peke yake. Mwalimu alijibu kwamba hajapanga lolote, ila kuna usiku ambao ametamani maji yangemchukua yeye. Mshauri akafuatilia: mara ngapi, lini zaidi, nani anajua. Wakakubaliana kwamba mumewe ajulishwe, na Mwalimu mwenyewe ndiye atakayemwambia. Hapo sina la kukosoa.

Kisha Mwalimu akaigusa habari ya Bibi kwa mara ya kwanza. Aliisema kwa sentensi moja, akiangalia viatu vyake. Na mshauri, kwa huruma yote, akamwambia, "Usijilaumu, Mwalimu. Ulifanya ulichoweza."

Mwalimu akaitikia, "Asante, dada." Akakunja leso yake mara nne, akaaga. Wiki mbili hakuonekana.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kwa sababu na mimi ningelitoa. Kila mtu alikuwa ameshalitoa. Mumewe alilisema, mwalimu mkuu alilisema, waombolezaji walilisema kwa namna yao, kazi ya Mungu haina makosa. Usijilaumu ni neno la upendo lenye kasoro moja: linafunga kesi kabla ya shahidi kusikilizwa. Anayeambiwa huelewa kwamba jambo lake ni zito mno kwa masikio ya mwenzake, basi hulirudisha kifuani na kukushukuru kwa adabu. Na kuna jingine. Mwalimu alikuwa anajua kitu ambacho waliokuwa wanamfariji hawakukijua, kwa hiyo faraja yao haikumhusu yeye, ilimhusu mwanamke mwingine ambaye wao walimbuni.

Hatia ya aliyenusurika ilianza kuandikwa kwa kina miaka ya 1960, pale daktari wa akili William Niederland alipowaeleza watu waliotoka hai kwenye kambi za Wanazi. Walikuwa wanajiuliza kwa nini wao. Ya Mwalimu ilikuwa na sura kali zaidi. Hakuuliza kwa nini mimi. Yeye alikuwa na mlango, na ngumi, na hesabu ya mara tatu.

Dakika kwa dakika

Aliporudi, mshauri alianza kwa kumwomba radhi. "Nadhani wiki ile nilikunyamazisha." Mwalimu hakukataa. Kisha mshauri akamwomba kitu ambacho mwalimu yeyote angekiweza: wachore ramani. Nyumba yake, nyumba ya kati, nyumba ya Bibi, kona, kilima, shule. Na pembeni ya kila nukta, maji yalikuwa wapi mwilini.

Mtu asichanganye jambo hili na lile duara la wiki ya kwanza. Sasa ni miezi mitano na ushee, yuko mahali salama, na mwenyewe amekubali. Anakwenda kwa mwendo wake na anaweza kusimama akitaka. Kusimulia kwa namna hiyo, kikao baada ya kikao, ni sehemu ya tiba zilizothibitishwa za kiwewe. Hadithi ni ileile, ila wakati na mshika usukani vimebadilika.

Mwanzoni Mwalimu alisema alikuwa na kama dakika kumi mlangoni kwa Bibi. Ramani ilipojaa, dakika kumi hazikuwa na pa kukaa. Nyumbani kwake maji yalikuwa vifundoni. Mlangoni kwa Bibi, hatua chache tu mbele, magotini. Kwenye kona, mtoto wa kati alikuwa amezama hadi kifuani na mkubwa alishaanza kuteleza. Kama angesimama dakika kumi, ramani isingekuwa na kilima. Aliitazama karatasi kwa muda. "Sikusimama hata dakika moja," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyefarijika. Ilikuwa ya mtu aliyekuta kosa kwenye hesabu aliyoirudia miezi mitano.

Kumbukumbu hufanya hivyo. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha kwamba mtu akishajua jambo lilivyoishia, huliona kana kwamba lilionekana wazi tangu mwanzo. Mwalimu wa leo anajua kwamba Bibi alikuwa ndani, hai, hajasikia. Yule aliyesimama gizani na mtoto mgongoni hakujua. Huenda Bibi alishaondoka, huenda mtu mwingine alishamchukua. Mwalimu wa leo alikuwa anamhukumu yule wa gizani kwa taarifa ambazo hakuwa nazo.

Washauri wengi wangesimama hapo wakishangilia. Mshauri huyu alikuwa amejifunza. Alinyamaza. Na Mwalimu akaitoa ile iliyokuwa chini kabisa.

"Dada, hata kama ningejua yumo. Ningeondoka na wanangu. Nilichagua."

"Ndiyo," mshauri akasema. "Ulichagua."

Alilia siku hiyo, kwa mara ya kwanza. Nadhani ni kwa sababu hatimaye kuna mtu alikubali kumwona mwanamke halisi, yule aliyechagua, na hakuondoka chumbani. Kuna hatia inayotokana na hesabu mbovu, na hiyo husahihishwa kwa ramani. Nyingine hutokana na ukweli: maji yalimweka mtu kwenye njia panda ambayo pande zote zina maiti, naye akashika upande mmoja. Hii ya pili haifutiki kwa hoja. Mtu hutafuta pa kuipeleka.

Mtoto wa Bibi

Bibi alikuwa na binti anayeishi mbali, ambaye alikuja kuzika akaondoka. Mwalimu alikuwa amemkwepa msibani. Wazo la kumwendea lilitoka kwake mwenyewe, na mshauri alilipokea kwa tahadhari, wakapima: unakwenda kutafuta nini? Kama unakwenda kusamehewa, utakuwa umembebesha mfiwa kazi yako. Wakaafikiana kwamba anakwenda kumpa taarifa, basi. Aseme kilichotokea mlangoni, ajibu atakachoulizwa, asiombe kitu.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nilijua hakuna aliyemgongea."

Kwa miezi yote ile alikuwa ameishi na picha ya mama aliyesahauliwa na mtaa mzima. Halafu akakasirika, na alikuwa na haki: "Mbona hukuniambia siku ile, dada? Miezi sita?" Mwalimu hakuwa na jibu. Walikaa. Wakaongea habari za Bibi, ukali wake, alivyokuwa anawafukuza watoto kwenye maua yake kwa fimbo ya mwanzi na kuwaita tena baada ya dakika mbili. Hawakuachana kama marafiki. Binti hakusema amemsamehe, na sioni sababu ya kumlaumu.

Ziara za namna hii si dawa ya kumwandikia kila mtu. Mfiwa mwingine angefunga mlango, na Mwalimu angerudi vibaya kuliko alivyoondoka. Hapa lilifanikiwa kwa sababu hakwenda kuomba.

Viatu, mvua na mlango

Kulikuwa bado na mwili. Hatia ikishasemwa haimaanishi mtu ameanza kulala.

Kuhusu vidonge, kwa ufupi: shangazi alikuwa amempa vidonge vyake vya usingizi. Mwalimu alivitumia wiki chache, akawa anaingia darasani kama aliyefunikwa blanketi. Daktari alimsaidia kuviacha taratibu. Dawa za kutuliza za jamii hiyo ni miongoni mwa vitu ambavyo Shirika la Afya Duniani linaonya zisipewe watu wazima kwa dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza, na dawa ya kuazima ni tatizo mwezi wowote.

Viatu vilishughulikiwa kwa hatua. Wiki ya kwanza alilala navyo ila kamba zimelegea. Halafu vikawa kitandani, pembeni ya mguu. Halafu sakafuni. Kila hatua ilikaa mpaka moyo uache kudunda, siku nne au kumi, hakuna aliyehesabu kwa ukali. Mvua nayo ilirudiwa hivyo: kwanza sauti iliyorekodiwa kwenye simu, ya chini, mumewe akiwa karibu, kisha mvua halisi akiwa barazani, mwishowe chini ya bati.

Kilichokifanya kisa hiki kiwe na akili ni kwamba hakuna aliyemwambia hofu yake ni ya uongo. Mto bado upo pale pale. Mshauri alitenganisha mambo mawili, king'ora kinacholia kwa sababu ya jana na tahadhari inayohitajika kwa ajili ya kesho. La kwanza walilituliza. La pili walilipangia. Mwalimu na walimu wenzake waliandika mpango wa kuhamisha watoto: nani anatangulia, nani anafunga mstari, nani anahesabu. Yeye aliomba awe wa mwisho kutoka. Mshauri alimuuliza kama hiyo ni adhabu. Akafikiri, akasema pengine nusu. Wakaliacha hivyo.

Katika kipindi hicho hicho watoto wa shule walikuwa wanacheza mafuriko. Mmoja ni mto, wengine wanapanda madawati, mto unawavuta miguu. Mwalimu mkuu alitaka kuupiga marufuku mchezo huo. Mwalimu alimsihi auache, kwa sharti kwamba aangalie: watoto wakicheza na kubadilisha mwisho, wakaokoana, wakacheka, ni vyema, mtoto anayerudia kipande kilekile kila siku bila furaha, huyo aletwe. Wawili waliletwa. Nakiri kwamba hapo ndipo nilipoamini kwamba anapona, kuliko kwenye machozi. Binti yake mkubwa aliacha kukojoa kitandani bila mtu kugundua ni lini hasa.

Na mlango. Kwa muda wote huo familia ilikuwa inaishi kwenye chumba cha kuazima kisicho na komeo. Mwezi wa nane fomu zao zilijibiwa, wakahamia nyumba iliyo juu ya mwinuko, yenye mlango unaofungwa kwa ndani. Usingizi uliruka kutoka masaa matatu hadi masaa matano kwa usiku ndani ya wiki mbili, badiliko kubwa kuliko lolote lililotokana na kikao chochote. Mshauri aliliandika kwenye jalada bila wivu. Mwaka 2007 Stevan Hobfoll na wenzake walipojumlisha kinachosaidia watu baada ya majanga makubwa walitaja mambo matano: kujiona salama, kutulia, kuamini kwamba wewe na jamii yako mnaweza, kuunganika na watu, na tumaini. La kwanza ni usalama, na usalama mara nyingi huja na bawaba na komeo. Mshauri asiyejua fomu ya makazi iko dawati lipi anafanya nusu ya kazi.

Mwezi wa kumi na moja walianza kuzungumzia tarehe. Maadhimisho ya mwaka huamsha vitu. Aliyelala vizuri huanza kushtuka wiki mbili kabla na hajui kwa nini. Mwalimu aliambiwa atarajie hivyo. Alipanga siku hiyo asifundishe, na asubuhi apeleke maua kwa Bibi, akipitia njia ndefu. Geti lile bado hajaweza kulipita, na hakuna anayemharakisha.

Siku chache kabla, binti wa Bibi alimtumia ujumbe akiuliza kama lile daftari la kambi bado lipo. Alitaka kuliona. Mwalimu alilitoa kabatini, na alipolifungua kwenye ukurasa wa familia yake alichukua kalamu, akaandika jina lake mwenyewe juu ya majina manne. Mvua ilikuwa inanyesha kidogo. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, kamba zimefunguliwa, vimegeuziwa nje.